Karatasi ya Mambo Kumi

Katika shule yetu ya misheni, Kisauni, kila swali lilikuwa na jibu moja, na jibu hilo alikuwa nalo Mwalimu Mkuu. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo asubuhi ile mwalimu mpya wa Kizungu alipotuambia kwamba ana swali lisilo na jibu sahihi wala jibu baya, kila mtu darasani alijiuliza mtego uko wapi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, askari wa huku kwetu walikuwa wamerudi na makoti mazito wasiyoweza kuyavaa kwa joto, na mwalimu yule alikuwa ameletwa na meli kuja kutufundisha Kiingereza na jiografia. Tulimwita Bibi, kama ilivyokuwa desturi kuwaita wanawake wa misheni, ingawa alikuwa binti tu, asiyetuzidi sana umri. Kiswahili alijifunza melini, kwa kitabu. Alikisema kwa bidii, akilishika kila neno peke yake kama mtu avukaye kijito kwa kukanyaga mawe.

"Kuna shule moja kwetu Uingereza," alisema, "na shule moja India. Wanafunzi wa umri wenu. Wote wataandika karatasi hii hii. Halafu tutatazama: vijana wa nchi hii wanapenda nini katika maisha, na wa nchi ile wanapenda nini."

Akatusomea mambo kumi, polepole, tuyaandike: ukweli, ujasiri, utii, usafi, bidii, urafiki, dini, elimu, starehe na upweke. Kazi yetu ilikuwa kuyapanga, tukianza na lile tunalolithamini kuliko yote na kumalizia na lile tusilolijali.

Neno la mwisho lilitufanya tutazamane. Upweke? Mtu atauthaminije upweke? Miaka mingi baadaye nilikuja kufahamu alichokusudia. Alitaka kusema ile hali ya mtu kuwa na mahali pake mwenyewe pa kutulia, pasipo kuingiliwa. Kitabu cha melini kikampa "upweke", naye akatuletea. "Starehe" nayo kwake ilikuwa kiti kizuri na chai ya moto. Kwetu starehe ilikuwa ngoma, tembo la mnazi na gramafoni.

Katika darasa letu la watu kumi na tisa, wasichana tukiwa wanne, alikuwamo mvulana mmoja wa bara. Baba yake alikuwa fundi wa reli Changamwe, na mwenyewe alikaa Kisauni kwa mjomba wake. Kiswahili chake tulikicheka kila siku, kwani sisi watu wa pwani tulijiona wenye lugha, na yeye ni mgeni aliyeiazima. Lakini hesabu zake tulizinakili bila haya. Tulipoambiwa tuandike majibu, macho yote yakaelekea kwenye dawati lake kama kuku waonao mtama. Yeye, naye hakuwa mjinga, alimwona Mwalimu Mkuu amesimama mlangoni na fimbo yake ya henzirani kwapani, akaandika namba moja: utii. Mara karatasi kumi na nane nyingine zikawa tiifu vilevile.

Bibi alizikusanya kwa furaha, akaketi mezani kuzisoma. Ya kwanza alitabasamu. Ya pili alitikisa kichwa. Ya tano akainua uso akatutazama. Alipofika ya kumi alisimama.

"Nyote mnafikiri sawasawa," alisema. "Ni ajabu. Na nyote, neno *ujasiri* mmeliandika *ujasili*."

Hapo ndipo kila mtu alipoinamisha kichwa. Yule mvulana wa bara alichanganya herufi hizo mbili tangu siku ya kwanza kuja pwani, na jambo hilo ndilo lililotuchekesha kuliko yote. Sasa sisi wenye lugha, watoto wa Kisauni na Rabai na Jomvu, tulikuwa tumelinakili kosa lake, sote kumi na nane, kwa ukamilifu. Yeye aligeuka nyuma polepole akatutazama mmoja mmoja.

Keshokutwa yake Bibi alitutoa nje. Alituketisha kwenye uwanja wa mpira, kila mtu hatua kumi kutoka kwa mwenzake, jua la saa tano utosini, vibao vya kuandikia magotini. Mwalimu Mkuu aliombwa kwa adabu abaki ofisini. Na pale, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya shule, nikabaki mimi na kichwa changu.

Nilijaribu kwanza kuandika dini. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, dini ingempendeza. Kisha nikaona huo ni uongo, na hapo karatasini neno "ukweli" lilikuwa linanitazama. Nikafikiri juu ya ukweli, lakini siku mbili nyuma nilikuwa nimeandika ujasili. Nikajiuliza, ni kitu gani hasa, asubuhi hii, ninachokitaka?

Basi nitaeleza asubuhi yangu ilivyokuwa. Mimi ni mzaliwa wa kwanza wa watoto saba. Kabla jua halijachomoza nilikuwa nimekwenda kisimani mara mbili, nimewasha moto, nimefagia uwanja, nimewaogesha wadogo zangu watatu, mmoja akanitoroka na povu, nikamfukuza mpaka kwa jirani. Nikamtafutia baba kibana suruali chake cha kuendeshea baiskeli, ambacho kila siku hupotea na kila siku huwa mfukoni mwake. Nikirudi shule kulikuwa na nazi za kukuna, kuni, na jina langu. Jina langu liliitwa nyumbani mle tangu alfajiri hadi machweo, na kila likiitwa mimi ni "Abee!" na mguu umeshaondoka.

Nikaandika kwa mkono thabiti: 1. Starehe.

Na upweke, kwa kuwa sikuelewa mtu anaufanyia nini, nikaupa mkia.

Tatizo ni kwamba karatasi zetu zilitakiwa kufasiriwa kwa Kiingereza kabla ya kutiwa posta, na aliyepewa kazi ya kuzifasiri ni Mwalimu Mkuu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye suti nyeupe iliyotiwa wanga mpaka ikilia akitembea. Siku ya tatu nilimsikia akija barazani, kwaru-kwaru-kwaru, akasimama mlangoni mwa darasa.

"Wewe."

"Abee, Mwalimu."

"Kesho uje na baba yako."

Baba alikuwa karani kwenye bohari ya mafuta, Changamwe. Kuja shuleni saa za kazi kulimaanisha kuomba ruhusa kwa bwana wake, kisha kupanda baiskeli kupita Makupa, kuvuka kisiwa kizima, na kupita lile daraja la Nyali lililokuwa likielea juu ya maji na kucheza-cheza. Alifika shati limemganda mgongoni, na kibana suruali, safari hii, kiko mguuni. Tangu usiku ule nilipompa habari hakuniuliza kitu. Alifikiri nimepigana.

Mwalimu Mkuu alimpa kiti, akamwamkia, akamuuliza habari za nyumbani, za kazini, za kanisani, na za mama, mpaka adabu yote ikaisha. Kisha akaiweka karatasi yangu mezani kama daktari awekaye kitu alichokitoa tumboni mwa mtu.

"Mzee mwenzangu," alisema, "binti yako anataka starehe."

Baba aliruka kidogo kitini. "Ameonekana wapi?"

"Hajaonekana. Ameandika."

"Ameandika nini?"

"Ameandika kuwa katika mambo yote ya dunia, la kwanza ni starehe. Dini, ya nne. Utii, wa tisa."

"Na wa kumi?" aliuliza baba.

"Upweke."

"Ah," alisema baba, akashusha pumzi kidogo. "Walau hapo ana akili."

Bibi aliyasikia mazungumzo, akaingia kunisaidia. Alisema kwa upole, "Msiwe na hofu. Kwetu Uingereza wasichana wengi wanapenda starehe. Mimi pia, napenda sana starehe, jioni."

Mwalimu Mkuu na baba walitazamana. Ilikuwa ni kama wanaliombea dua taifa lile.

Baba akanigeukia. Hakuwa mtu wa makelele. Alipokasirika sauti yake hupungua badala ya kupanda. "Mwanangu. Starehe gani unayoitaka?"

"Kukaa, baba."

"Kukaa wapi?"

"Popote. Kukaa tu. Bila ya kuitwa."

Nje darasa la pili walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha kwa saba. Baba alitazama mikono yangu, nami nikaificha nyuma. Akatazama karatasi. Kisha akamuuliza Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote, "Mwalimu, wewe ungeweka nini kwanza?"

"Mimi sikuulizwa."

"Na ungeulizwa?"

Mwalimu Mkuu aliifungua kalamu yake, akaifunga, akaitazama saa ya ukutani. Alikuwa na watoto tisa, ng'ombe watatu, shule yenye madarasa saba na walimu wanne, na kwaya ya kanisa. Alikohoa. "Nadhani," alisema, "jambo hili tuliache hapa." Akaikunja karatasi yangu akaitia na zile nyingine.

Baba alinipakia nyuma ya baiskeli kunirudisha nyumbani, jambo ambalo hakunifanyia tangu nilipokuwa mdogo. Tulimkuta mama ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi. Baba akamsimulia yote, neno kwa neno, pamoja na Bibi na starehe zake za jioni. Mama alianza kucheka taratibu, kisha akaiachia nazi ikabingirika uwanjani, kisha akafunika uso na kanga akacheka mpaka mabega yakatikisika. Alipopata pumzi alisema:

"Mwambieni Bibi anipe na mimi karatasi. Mimi nitaandika starehe, moja hadi kumi."

Halafu akaniangalia kwa namna ambayo sikuizoea. Akatoa hukumu. Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nitapewa saa moja. Hakuna atakayeniita. Hata nyumba ikishika moto, watamwita mwingine.

Jumapili ya kwanza baba alinitolea kiti chake mwenyewe, akakiweka barazani, akatazama saa yake ya mfukoni, akasema, "Haya." Nikakaa.

Wadogo zangu sita walikuja wakasimama mbele yangu kwa mstari. Hawakuwahi kuniona nimekaa. Yule mtoro wa povu aliuliza, "Sasa yuwafanya nini?"

"Anakaa," alisema baba.

"Ataanza lini?"

Si muda, jirani yetu mama mmoja Mwislamu, mtu mwema aliyekuwa haoni jambo akalipita, akachungulia barazani. Aliniona kitini, mikono mapajani, mchana kweupe. Akamnong'oneza mama kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Mwana yuwaumwa?"

"La," alisema mama. "Yuwastarehe."

"Wallahi?" Akanikaribia, akanigusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja. "Mbona hana homa?"

Alikwenda akarudi na bakuli la uji wa mchele wenye pilipili manga, kwa tahadhari tu. Nyuma yake walikuja wanawake wawili waliosikia kwamba kwa karani kuna mgonjwa. Mmoja alileta ndimu. Walikaa mkekani miguuni pangu, wakaanza kuelezana juu ya wasichana waliowajua walioanza hivihivi, kwa kukaa tu, na jinsi walivyoishia. Nilivumilia nusu saa. Kisha nikanyanyuka nikachukua ufagio, angalau nipate kuondoka pale.

"Kaa!" mama alipiga kelele kutoka jikoni. "Saa yako haijesha!"

Nikakaa. Sijapata kuchoka katika maisha yangu kama nilivyochoka saa ile. Lakini Jumapili ya pili walikuja wachache, na ya tatu hakuja mtu, na kufikia ya nne nilikuwa nikikilinda kiti kile kama mali ya urithi.

Ikapita miezi. Tulikuwa tumeshazisahau karatasi zile, mvua za masika zilikuwa zimekuja na kwenda, ndipo siku moja Bibi akaingia darasani na bahasha mbili, uso umemwiva kwa furaha. Aliandaa karatasi kubwa ya ukutani, akachora safu tatu: Kisauni, Uingereza, India. Akatuandikia matokeo kwa herufi kubwa.

Sisi, kwa kujumlisha wote, tulikuwa tumeweka elimu kwanza, dini ya pili, na upweke wa mwisho. Hapo hapakuwa na ubishi, wote kumi na tisa. Wale wa Uingereza waliweka ukweli kwanza. Na wa pili, juu ya urafiki, juu ya dini, juu ya elimu, waliweka upweke.

Mnong'ono wa huzuni ulipita darasani. Msichana niliyekaa naye dawati moja, mtu wa huruma aliyelia hata kuku akichinjwa, alishika mkono wangu. "Maskini," alisema. "Watakuwa hawana watu. Labda wazazi wao walikufa vitani, na sasa wameshauzoea."

Jambo lile lilituingia. Wakati wa mapumziko tuliandika barua ya pamoja, kwa Kiingereza chetu bora kabisa, kuwapa pole kwa upweke wao na kuwaambia wasikate tamaa, na kwamba yeyote atakayepata nauli anakaribishwa Kisauni, watu tupo. Tukampelekea Bibi aitie posta. Aliisoma amesimama. Mdomo wake ulianza kutetemeka, tukadhani analia, kisha tukaona anacheka, kisha kwa kweli akalia kidogo.

Akajitahidi kutueleza. Huko kwao, alisema, mtu anapenda kuwa na chumba, na chumba kina mlango, na mlango ameufunga.

"Usiku?" aliuliza yule mwenzangu.

"Hata mchana."

"Na mwenyewe yumo ndani?"

"Ndiyo, yumo ndani."

"Akifanya nini?"

Bibi alifikiri. "Hafanyi kitu. Anasoma. Anafikiri. Anakaa."

Darasa zima likageuka kunitazama mimi. Habari za kiti changu cha Jumapili zilikuwa zimeshafika mpaka Kongowea.

Lakini kilichotikisa shule si Uingereza, bali India. Wale wa India walikuwa wameyapanga mambo yote kumi vizuri, kwa heshima na adabu, bidii ikiwa mbele. Ila juu ya namba moja, kwa wino wa rangi nyingine, walikuwa wameongeza jambo la kumi na moja ambalo hakuna aliyewapa. Bibi alisita nalo. Mwishowe, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu na wa Uingereza walikuwa wameuweka ukweli kwanza, akalifasiri akaliandika kwenye karatasi ya ukutani: UHURU.

Ilikuwa miaka ile ambayo huko India neno hilo lilikuwa likisemwa kwa sauti. Kwetu neno lilikuwapo, lakini halikuwa na kazi nyingi. Yule mvulana wa bara akainua mkono.

"Bibi, kumbe ilikuwa ruhusa kuongeza?"

Bibi akakiri kwamba haikukatazwa.

Kelele zilizozuka! Tulijiona tumepunjwa. Mmoja akasema angejua angeongeza baiskeli. Mwingine nyama. Mwenzangu alisema mume mpole, kisha akajificha chini ya dawati kwa aibu. Mvulana wa bara hakupiga kelele. Alisema tu, kwa Kiswahili chake kile, kwamba angeongeza lile lile la Wahindi, na kwamba yeye kwa jambo hilo hangeona haya kunakili.

Safari hii hakuna aliyemcheka.

Suti ya wanga ikasikika barazani. Mwalimu Mkuu aliingia, nasi tukasimama. Akaisoma karatasi ya ukutani kuanzia juu hadi chini, akarudi juu, akakaa hapo muda. Tulidhani ataichana. Akaichomoa, akavuta kiti, akapanda, akaipigilia misumari juu zaidi, mahali ambapo mkono wa mtu hauwezi kuifikia kwa urahisi. Akashuka akajipangusa vumbi. "Endeleeni na jiografia," alisema, akatoka.

Mwisho wa muhula ule tukaletewa habari kwamba mkaguzi wa shule anakuja. Mwalimu Mkuu aliitundika ramani kubwa ya dunia mbele ya karatasi yetu, ikaifunika yote. Lakini dirisha la upande ule halikuwa na bawaba, na upepo wa pwani hauogopi mkaguzi. Kila ulipovuma, ramani ilinyanyuka kama sketi. Ikabidi mtu asimame pale aishike pembe. Mwalimu Mkuu alitazama darasa lote, akanichagua mimi. Naamini alifanya makusudi. Mimi niliyeomba kukaa, nikasimamishwa ukutani saa nzima na nusu.

Mkaguzi alikuwa Mzungu wa makamo, soksi nyeupe mpaka magotini, Kiswahili chake kizuri kuliko nilivyotaka kiwe. Alisikiliza wimbo, akauliza hesabu, akatazama madaftari. Kisha akaniona.

"Msichana huyu mbona amesimama?"

"Anaonyesha ramani, Bwana," alisema Mwalimu Mkuu bila kupepesa.

"Vizuri. Nionyeshe Uingereza."

Nikaionyesha kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika pembe.

"Vizuri sana. Na Mombasa?"

Nikainyooshea.

"Na India?"

India ilikuwa chini ya mkono wangu wa kushoto kabisa. Nilijaribu kuifikia kwa mkono wa kulia, nikajipinda kama kamba, na katika kujipinda kule pembe ikaniponyoka. Upepo haukungoja. Ramani ikapaa, Milki nzima ya Mwingereza ikaelekea darini, na kwa nyuma ikatokea karatasi yetu na neno lile lenye herufi kubwa kuliko yote.

Mkaguzi alisogea. Akavaa miwani. Akasoma safu ya Kisauni, akasoma ya Uingereza, akasoma ya India.

"Wahindi wana kumi na moja," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Bwana."

"Na shule yako? Neno hili mliliweka nafasi ya ngapi?"

Mwalimu Mkuu aliinamisha kichwa kwa heshima, kama alivyomwinamia kila mgeni. "Sisi, Bwana," alisema, "tulipewa kumi tu."

Mkaguzi alimtazama kwa muda. Kisha akaishika ramani yeye mwenyewe, akaishusha taratibu mpaka ikatulia, akaniambia, "Shika hapo." Taarifa aliyoandika ilitusifu kwa usafi na ikashauri dirisha litiwe bawaba.

Bibi alipoona shauri lile limepita salama akapata moyo wa kutugawia majina ya wale vijana wa Uingereza tuandikiane mmoja mmoja. Mimi nilipewa msichana aliyeuweka upweke namba moja. Nilimuuliza bila kuzunguka: kwa nini? Akanijibu kwa mwandiko mdogo, wa kubana karatasi. Nyumba yao ilipigwa bomu. Tangu hapo wanakaa kwa bibi yake mzaa mama, watu kumi na mmoja, vyumba viwili, na yeye analala katikati ya mama wadogo wawili wanaokoroma. Yeye ndiye mkubwa. Kila kitu kikihitajika, anaitwa yeye.

Niliisoma barua ile mara tatu kwenye kiti changu cha Jumapili. Kisha nikaenda jikoni, nikamfasiria mama. Hakucheka. Alisema, "Mwambie mama yake namsalimu sana. Mwambie apewe saa yake."

Nikaandika hivyo hivyo. Barua ya pili ikaja na habari kwamba mama yake amekubali. Saa hiyo anaipata kwenye banda la makaa, na mlango unafungwa. Chini, kwa mwandiko mwingine mkubwa wa duara, mama yake mwenyewe alikuwa ametia mistari miwili ya salamu kwa mama yangu. Mama akajibu. Mimi ndiye niliyeandika, maana yeye hakusoma, lakini maneno yalikuwa yake, na kila barua yakazidi yangu kwa urefu.

Mwaka uliofuata nilikwenda chuo cha ualimu, na baina yangu na yule msichana maneno yalipungua mpaka yakakatika, bila ugomvi. Mama zetu hawakuacha. Mama alimkamata mdogo wangu wa tatu akamfanya karani wake. Nikirudi likizo nilikuwa nikipewa habari za mtaa ule wa Uingereza kuliko za Kisauni: nani amejifungua, nani ana mume mlevi, paa la nani linavuja. Mara ya mwisho nilipofuatilia, mama wa kule alikuwa anasumbuliwa na goti, na mama alikuwa amemshauri alikande kwa mafuta ya nazi. Mama yule akayapata kwa taabu kwa mwuza dawa, akaandika kwamba hayakumsaidia. Mama akajibu kwamba bila shaka hakuyachemsha na tangawizi. Akajibiwa kwamba aliyachemsha. Wakaendelea kubishana hivyo kwa meli, wiki kadhaa kwenda na wiki kadhaa kurudi, juu ya goti ambalo, kwa hesabu ya baba, lazima lilikuwa limeshapona zamani.